Barafu Juu ya Kimbunga

Benchi la pale kona, mbele ya kibanda cha fundi viatu, halikosi kahawa wala ubishi. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kimbunga baharini, na fundi mwenyewe, Soli kwa jina la kijiweni, alikuwa na lake moyoni. Binti yake, mtaalamu wa hali ya hewa, alipanda ndege ya kwenda kupita juu ya kimbunga hicho, na tangu jana Soli hajaisikia sauti yake. Akaona heri awaambie wenzake wa benchi, Kinyozi na Profesa.

— Anafuata nini huko? Kinyozi alitoa macho.

— Barafu.

— Barafu! Juu ya bahari ya joto?

— Juu kabisa mawinguni, chembe tele. Wanazipima kwa mawimbi ya maikrowevu.

Profesa, mziba pancha aliyejipa cheo mwenyewe, aliruka kahawa ikamwagikia suruali.

— Maikrowevu ya kupashia kiporo?

— Mawimbi ni ndugu, ila haya hayapashi kitu. Yanapanda yenyewe kutoka kwenye mvua huko chini, yakigonga barafu yanatawanyika. Yakifika machache kwenye chombo chao, wanajua barafu ni nyingi. Basi wanajua kimbunga kinaota nguvu au kinachoka, watu wahame mapema.

— Mungu wangu! Kinyozi alishika kichwa. Na sisi tumekaa tu!

— Wanakudanganya, Soli. Wanaiyeyusha! Profesa alisema. Mvua iliyobomoa choo changu unadhani ilitoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba!

— Ikiisha barafu, kimbunga si kinapata homa? Kinyozi aliuliza.

— Homa kali! Kinapanda nchi kavu kutafuta dawa. Mficha uchi hazai!

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu, sogea uipishe.

Soli alicheka nao, maana kelele zao zilimfunikia hofu. Mama mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama akisubiri kiatu cha mwanawe.

— Shikamoo mzee. Samahani, hiyo ndege imeshatua?

Kinyozi alimgeukia Soli, na hapo ndipo alipomwona uso. Tangu asubuhi walikuwa wamebishana juu ya kila kitu, wasimuulize hilo.

— Ilikuwa itue alfajiri, mwanangu, Soli alisema, na sindano ikamdondoka.