Inaanza Chini

"Hii watu ya kambi inaogopa mabadiliko," Aloysius, mwalimu wa semina za kambini, alimwambia dereva wa teksi ya abiria. Yudita, aliyepanda kambini Nakivale na dumu tupu la maji mapajani, akamgeukia. "Ni sisi unasema? Kamati yetu ya maji mulibadilisha jina, mukabadilisha mwenyekiti, mukatufundisha mingi. Robine ya maji iko ile ile, kavu!"

"Mama, mabadiliko inaanza chini."

"Chini fasi gani? Sisi tunalala chini tangu tutoke Kongo!"

Aloysius akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Teksi ikasimama Nyamityobora, kituo cha kushukia Aloysius, kwenye tope zito. Akasita mlangoni, akitazama viatu vyake vinavyong'aa.

Yudita akamsukuma kwa dumu. "Shuka, mwalimu. Inaanza chini."