Miguu Isiyo na Malengelenge

VATSALA: Haloo, nani mwenzangu? Haloo!

SOPAN: Dada, ni mimi—

VATSALA: Mimi nani? Kuna ngoma huko, sisikii!

SOPAN: Sopan! Mdogo wako!

VATSALA: Sopan! Jamani, ni Sopan anapiga! Umefika Pandharpur?

SOPAN: Nimefika. Shikamoo, Dada.

VATSALA: Shikamoo ya nini tena? Leo sisi ndio wa kukuamkia wewe, mtu aliyekwenda kuhiji kwa Mungu wetu Vithoba kwa miguu yake. Umeshaingia hekaluni?

SOPAN: Bado. Nipo kwenye foleni. Dada, sikiliza—

VATSALA: Sikiliza wewe kwanza. Majirani wameshatayarisha mafuta ya kukuchua. Na Baba amesema ukirudi tumbebe na kitanda chake mpaka mlangoni. Anataka akuoshe miguu kwa mikono yake mwenyewe.

[Ngoma tu zinasikika.]

VATSALA: Haloo? Umekatika?

SOPAN: Nipo. Baba hawezi kuinama.

VATSALA: Kamwambie wewe. Tangu apooze hajawahi kuwa na furaha hivi. Kila anayekuja kumjulia hali anamwambia, "Mwaka huu miguu yangu imekwenda na Sopan."

SOPAN: Msimtoe, Dada. Mwacheni ndani.

VATSALA: Kwa nini? Unaumwa?

SOPAN: Siumwi. [Mtandao unakoroma.] …sikutembea.

VATSALA: Hukufanya nini?

SOPAN: Sikutembea! Siku za mwanzo tu. Halafu mvua ikashika, tukalala kwenye matope. Asubuhi lori likasimama, nikapanda.

VATSALA: Lile goti lako?

SOPAN: Goti halikuniuma. Nilichoka tu.

VATSALA: Ngoja. Ngoja kwanza. Na zile simu? Si ulikuwa unampigia Baba kila jioni, leo tumelala hapa, kesho tunaelekea pale—

SOPAN: Nilikuwa huku huku Pandharpur. Kwa rafiki yangu Bajirao.

VATSALA: Umejinyoosha kitandani, unamwimbia mgonjwa majina ya vijiji!

SOPAN: Najua.

VATSALA: Hujui lolote! Alikuwa anafumba macho akifuata njia na wewe. Huna haya, Sopan?

SOPAN: Ninayo. Ndiyo maana nimepiga.

VATSALA: Leo ndiyo imekujia?

SOPAN: Jana. Msafara wa mahujaji ulipoingia mjini nilijipenyeza katikati yao. Kule nyuma ya soko kuna bibi mmoja, macho yake hayaoni vizuri. Akanishika mkono, akaniita kama wanavyoitwa mahujaji, "Mauli, karibu, kaa." Akaweka miguu yangu mapajani mwake, akaanza kuichua.

VATSALA: Ee Vithoba.

SOPAN: Akapapasa nyayo akitafuta malengelenge. Hakukuta hata moja. Basi akaanza kulia, Dada. Anasema Vithoba mwenyewe amenibeba. Akawaita majirani waje waone. Wakaja, wakaiinamia miguu yangu mmoja mmoja—

VATSALA: Na wewe?

SOPAN: Nilikaa.

VATSALA: Hukusema kitu?

SOPAN: Nilikunywa chai yao.

[Kengele zinasikika kwa mbali.]

VATSALA: Baba ananivuta upindo wa sari. Anataka simu.

SOPAN: Dada, usimpe! Mwambie chaji—

RAKHMAJI: Sopan.

SOPAN: Shikamoo, Baba.

RAKHMAJI: Marahaba, mwanangu. Nijibu moja tu. Pale kwenye kilima cha Velapur, kilele cha hekalu kinapojitokeza kwa mbali. Mlikimbia kama desturi ya mahujaji?

SOPAN: Walikimbia, Baba.

RAKHMAJI: Walikimbia. Na wewe?

SOPAN: Mimi… [mtandao unakoroma] …nilishapita. Kwenye lori.

RAKHMAJI: Lori la nini?

SOPAN: La vitunguu.

RAKHMAJI: Kilele ulikiona?

SOPAN: Nilikuwa nimelala. Baba? Sema neno, Baba. Nitukane.

RAKHMAJI: Simu hii ya dada yako inasikika mpaka zizini. Nimesikia yote. Nilitaka nijue kama utanidanganya tena.

SOPAN: Nisamehe—

RAKHMAJI: Mimi niweke kando. Umefika wapi kwenye foleni?

SOPAN: Mlango nauona. Nimesimama tangu alfajiri.

RAKHMAJI: Toka.

SOPAN: Baba?

RAKHMAJI: Unataka ukaweke kichwa chako kwenye miguu ya Vithoba, na huku nyuma kuna kikongwe ameinamia yako? Toka. Nenda kwake ukamwambie.

SOPAN: Majirani wamejaa pale.

RAKHMAJI: Afadhali. Ndio waliokuinamia.

SOPAN: Watanizomea.

RAKHMAJI: Watakuzomea.

SOPAN: Na yeye je? Tangu jana anawasimulia watu. Nitamvunja moyo—

RAKHMAJI: Umeshamvunjia heshima. Mweleze taratibu, kaa chini, usiongee naye umesimama. Akikufukuza, uondoke kwa adabu. Ukimaliza, ndipo upange foleni.

SOPAN: Baba, mwisho wa foleni uko kule mtoni!

RAKHMAJI: Basi kaanzie mtoni.

VATSALA: [kwa mbali] Baba, jamani, na mvua hii—

RAKHMAJI: Nyamaza, Vatsala. Hakuna aliyewahi kuyeyuka.

SOPAN: Nitakwenda. Baba, chaji inaisha… Nikirudi nyumbani, utaniangalia usoni?

RAKHMAJI: Nenda kwanza.

SOPAN: Lakini uta—

RAKHMAJI: Mwanangu, mimi pia niliwahi kuchoka njiani. Nenda, bibi asije akala—

[Simu inakatika.]

SOPAN: Haloo? Baba? Asije akala nini… akalala? Haloo!

[Sauti za watu wakisukumana.]

SOPAN: Ndugu, samahani, nipishe. Natoka. Hapana, sijaugua. Hapana, mama, bado sijamwona Vithoba. Nafasi chukua wewe. Nipishe tu.