Dada Mkondo, Aliyefuatilia Njia ya Pesa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mdogo wake, anayewasomea haya, alifuata miaka minne baadaye na hakuwahi kumshinda kwenye ubishi hata siku moja.

Alisoma shule ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha biashara mwaka 1979. Akaajiriwa na madalali wa hisa, ofisi ya ghorofani, dirisha likitazama gereji. Huko ndiko alikobatizwa jina la Mkondo. Wenzake walikodolea macho bei. Yeye alitazama mtiririko wa fedha, kipimo kinacholinganisha bei na wingi wa hisa zinazouzwa, ili kujua kama pesa inaingia au inatoka. "Bei ina maneno mengi," alikuwa akisema. "Nionyesheni pesa inaelekea wapi."

Mwaka 1984 aliolewa na mwalimu wa hesabu, ambaye mpaka leo anaapa kwamba alimpenda kabla hajamwelewa.

Mwaka 1998 kipimo kilionyesha pesa ikitoka kwa kasi kwenye kampuni moja ya saruji. Akawashauri walimu wastaafu, marafiki wa mumewe, wauze hisa zao. Wakauza. Kumbe tajiri mmoja mwenye hisa nyingi humo alikuwa amefariki, na warithi walikuwa wakiziuza ili wagawane mali! Kampuni ilikuwa nzima kabisa. Hisa zikapaa, wazee wa watu wakabaki kuzitazama tu. Aliumia sana. Akawaita sebuleni kwake, akakiri amekosea.

"Sasa tukuamini vipi?" akauliza mmoja wao.

"Msiniamini mimi. Njooni Jumamosi tukisome wote. Kipimo kinasema pesa inatoka. Hakisemi nani anaitoa, wala kwa nini. Hilo ni letu kuuliza."

Walikuja wamenuna. Wakaendelea kuja miaka yote, wengine wakafidia walichokosa, wengine hawakufidia, na hilo halikuacha kumsumbua.

Februari mwaka 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki ya mwisho alimwita binti yake mkubwa karibu na kitanda. Sote tulidhani anaaga.

"Hisa zangu mtauza, najua," alisema. "Uzeni kidogo kidogo, mwanangu. Mkizimwaga zote siku moja, kuna mtu ataona pesa inatoka, ataogopa auze na zake. Nani atamwambia kwamba kampuni ni nzima, ni mimi tu niliyekufa?"

Alifariki nyumbani, Alhamisi, tarehe 9 Mei 2019. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo mmoja, na walimu wastaafu ambao leo wamekataa katakata kuketi upande wa wageni. Jamani, inauma. Mola ampe pumziko jema.