Vidole na Ziwa la Jirani

Enzi hizo za Mwingereza, benchi la kahawa la Msafiri lilikuwa Kaloleni, Arusha, ubavuni mwa duka la Mhindi, na asubuhi Mlima Meru ukijifunika wingu, wateja walikumbatia vikombe kama watoto wachanga. Zuleha, mke wa Msafiri, alikuwa nyuma ya jiko akikaanga mandazi, mwanawe mgongoni, vidole vimevimba vikakakamaa hata mwiko haushikiki, na chini ya kanga ziwa la kushoto gumu, jekundu, la moto. Kesho yake daktari alipanga kulipasua. Alisema ni jipu. Zuleha hakulala kwa hofu, na sasa swali likamtoka.

— Jamani, nina jirani yangu, ziwa limevimba, na vidole navyo, vyote, eti inawezekana ukawa ugonjwa mmoja?

— Baridi hiyo, shemeji, alisema Jamaldini, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Anafua mtoni alfajiri.

— Mbona wewe hufui wala huogi, na magoti yanakuuma? akadakia Keya, askari wa zamani wa vita vya Bama dhidi ya Wajapani. Ni maziwa hayo! Mtoto kaacha kunyonya, yakarudi ndani, yakatambaa mifupani mpaka vidoleni. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Kwa hiyo akikamua kidole, tunapata chai ya maziwa? Redio akauliza.

— Kule Bama nilimwona mtu...

— Bama ulikokwenda kumenya viazi?

Benchi zima likacheka. Zuleha hakucheka.

— Ni hizi blauzi za nailoni, Redio akaapa. Zinavuta radi, radi inaingilia ziwani, inatokea vidoleni. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nashipae, mama wa Kiarusha aliyeshuka na lori la Oldonyo Sambu, alikuwa ametua kibuyu chake cha maziwa, anasikiliza.

— Huyo jirani, aliuliza, kipi kilianza?

Redio akamtazama Keya. Keya akachungulia kikombe.

— Vidole, alisema Zuleha, sauti chini. Tangu mavuno. Mama mkwe akasema ni uvivu wa kukanda unga. Ziwa limefuata juzijuzi.

— Na daktari ameambiwa vyote viwili?

Zuleha alijiona tena kama jana hospitalini, amefunua ziwa, mikono kaificha kwenye kanga asionekane mvivu.

Akaipua karai.

— Mume wangu, niangalizie mandazi.

— Unakwenda wapi?

— Kwa jirani, alisema, akashika njia ya hospitali, mikono yote miwili nje ya kanga.