Mzimu Asiyeitwa

Mwaka ule wa barakoa, doti za kijani kwenye viti vya treni zilituonyesha pa kukaa, mbalimbali. Waliotaka kuongea waliongea kwa sauti, nasi wengine tukafaidi.

Tulipotoka kituo cha Mount Druitt, mama mmoja Mkongomani alishtukia simu yake: "Yesu wangu." Dada aliyekaa ng'ambo, amevaa sare ya unesi, akamuuliza kwa Kiswahili anatazama nini.

"Film ya Wakorea, dada. Ule binti alikufa anafuata rafiki yake mwenye alimuua. Lakini rafiki amesahau yote."

"Basi huyo mzimu ana-waste time. Utamlipizaje kisasi mtu hata hakukumbuki?"

"Hatafuti kisasi. Anatafuta pardon, rafiki amuombe msamaha."

"Anatafuta jina, mum. Kwetu Wakalenjin, mtoto akizaliwa akina nyanya wanamtajia majina ya waliokufa. Lile atakalopigia chafya, mwenye jina hilo ndiye amerudi. Huyo angeitwa, angeshazaliwa upya, atulie."

"Na ule aliua, anaenda bure?"

"Huyo ndiye atamzaa, ambadilishe nepi."

Mama alicheka mpaka barakoa ikamshuka, akaipandisha haraka. "Bila pardon? Non, dada. Nepi haitoshi."

Treni ilikuwa inapunguza mwendo kuingia Blacktown wakati chafya niliyoibana tangu Doonside iliponiponyoka. Behewa zima lilinikimbia, mama Mkongomani akiwa wa kwanza. Dada peke yake alinigeukia mlangoni, akanitazama mimi na ndevu zangu.

"Karibu tena, nyanya," akasema. "Tulikungoja."

Milango ikafunguka.