Lowell Haskett, Aliyesoma Mbio Zilizokwisha

Marehemu Lowell Edwin Haskett alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 mjini Caliente, Nevada, katika nyumba za wafanyakazi wa reli zilizokuwa nyuma ya stesheni. Baba yake, Edwin, alipokea simu za maandishi hapo stesheni. Mama yake, Alma, alifua nguo za abiria. Miaka mitatu baadaye alizaliwa dada yake, Verna, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Hapakuwa na mtoto mwingine.

Mzee Edwin hakuwa mtu wa maneno. Yale machache aliyorudi nayo nyumbani yalikuwa ya watu wengine, mafupi kwa sababu kila neno lililipiwa: mama amezidiwa, njoo. Lowell aliyachukua na kuyanyoosha mezani mpaka yakawa hadithi nzima. Huyo mwana amevaa nini, treni imemkwamisha wapi, kama atawahi. Mama alikuwa akimwambia, "Lowell, acha uongo wako, kula." Hakuacha, na viazi vilipoa kila siku ya Mungu.

Alisoma shule ya msingi hapa Caliente na sekondari kule Panaca, akamaliza Mei 1956. Hesabu zilimpiga chenga mwaka hadi mwaka. Lakini palipohitajika mtu wa kusoma kwa sauti, iwe Biblia au majina ya wachezaji wa mpira wa kikapu, hakuna aliyetafuta mwingine. Alitumikia jeshi miaka miwili huko Fort Ord, akarudi na sauti nzito zaidi na buti ambazo Verna alizivaa kuchotea theluji mpaka zikaoza.

Januari 1961 alikwenda Las Vegas, akapata kazi kwenye duka la kuchezea mbio za farasi katikati ya mji. Siku hizo farasi walikimbia New York, Florida na California, na waliowachezea Las Vegas hawakuona hata mkia. Mashine ndogo ilitema karatasi: robo ya kwanza nani anaongoza, nusu nani, kona ya mwisho nani, na nani kashinda. Basi. Kazi ya Lowell ilikuwa kuchukua mistari hiyo minne na kuisoma kwenye kipaza sauti kama mbio kamili, vumbi na mijeledi ndani yake. Mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha dakika mbili tatu kabla. Dirisha la kuwekea dau limeshafungwa, matokeo anayo mkononi, na ukumbi mzima umekaza macho kwenye spika. Mwaka 1976 kasino ya Painted Mesa ilipofungua ukumbi wake wa mbio, ilimchukua yeye kwanza, kabla hata ya kununua viti.

Kuna Jumamosi moja ya mwaka 1983 ambayo waliofanya naye kazi waliikumbuka mpaka kustaafu. Mjane mmoja, Bi. Ruzicka, mtandika vitanda wa hotelini, alikuwa na mazoea ya kuweka dola mbili kila wiki. Siku hiyo alimchezea farasi jike aliyeitwa Shali ya Shangazi. Karatasi ilipotoka, Shali ya Shangazi alikuwa wa mwisho robo ya kwanza, wa mwisho nusu, wa mwisho kila mahali. Lowell alimtazama yule mama, kashika tiketi yake kwa mikono miwili, akaanza kusoma. Akampandisha farasi mpaka wa sita. Akampitisha kandokando ya uzio, wa nne. Bi. Ruzicka akasimama juu ya kiti. Kwenye kona ya mwisho farasi akawa wa tatu, na hapo ndipo Lowell alipoanza kumchosha taratibu, kwa heshima, mpaka wengine wakampita.

Meneja alimfuata na saa mkononi.

"Haskett, mbio hiyo walikimbia farasi au ngamia? Mbona nimemaliza sigara nzima?"

"Mama wa watu katoa dola mbili, bosi. Angalau aone mbio."

Meneja hakumkata mshahara. Alimwongeza. Lowell alimsimulia Verna jambo hili likizo ya Krismasi, akicheka, na Verna naye alicheka. Hawakujiuliza kwa nini aliongezwa.

Tarehe 13 Juni 1964 marehemu alifunga ndoa na Corinne Buell, binti wa Orval Buell, fundi wa matairi wa Boulder Highway. Mwana wao wa pekee, Dwight, alizaliwa tarehe 2 Septemba 1967. Nyumba yao ilikuwa na mti mmoja na baiskeli nyingi zilizoharibika. Verna aliitembelea kila kiangazi, na anashuhudia kwamba ilikuwa nyumba ya kelele na furaha.

Mzee Orval alikuja ukumbini mara ya kwanza ili kumsikia mkwewe akisoma. Alikaa safu ya mbele, akala sandwichi ya nyama iliyouzwa kwa bei ya kutupa, akanywa kahawa ya bure, akasema, "Huyu ndiye mume wa binti yangu, mnasikia hiyo sauti?" Baadaye alianza kuweka dau. Dau la siku hizo lilikuwa kati ya mchezaji na kasino. Ukiliwa, hela yako yote inabaki pale pale. Ukila, unalipwa kama walivyolipwa uwanjani, lakini kuna kikomo, na farasi wa maajabu hukulipwa maajabu yake yote. Orval aliliwa miaka minane. Hakuliwa vibaya hata siku moja, maana kwa sauti ya Lowell farasi wake alikuwa anakosa kwa shingo tu, kwa pua tu, na mtu aliyekosa kwa pua anarudi Jumamosi ijayo. Duka la matairi liliuzwa mwaka 1984. Mzee alifariki Aprili mwaka uliofuata, katika chumba cha kupanga.

Katika chakula cha baada ya mazishi hayo, Dwight, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alimkabili baba yake mbele ya watu.

"Ulijua. Kila mara ulijua kabla yake."

"Nilijua dirisha likiwa limeshafungwa, mwanangu. Ningefanya nini?"

"Ungesoma kilichoandikwa! Babu angesikia farasi wake ni wa mwisho, wa mwisho, wa mwisho. Angechoka. Angerudi nyumbani. Wewe ulikuwa unamnogeshea."

Dada yake Lowell, aliyekuwa ameketi karibu naye, hakumsaidia. Anajuta mpaka leo. Corinne alihamia Bakersfield na mwanawe mwaka 1986, na talaka ikafuata. Alifariki huko mwaka 2002, Mungu amrehemu.

Mwaka 1987 skrini zilikuja na kazi ya kusoma ikafa. Lowell alihamishiwa dirishani, akauza tiketi miaka kumi na saba. Biashara nayo ilibadilika. Madau ya Las Vegas yaliunganishwa na ya uwanjani katika chungu kimoja. Katika kila dola, senti kumi na saba, ishirini, wakati mwingine zaidi, zilichotwa kwanza, kasino na uwanja wakagawana. Kilichobaki ndicho walichogombea wachezaji. Hata malipo yalipokatwa ili yaishie kwenye senti kumi, vile vijisenti havikurudi kwa mchezaji. Kasino haikujali tena farasi gani ameshinda. "Zamani tulikuwa tunamla mtu," alimwambia Verna kwa simu. "Siku hizi tunaimega foleni nzima, kila mmoja kidogo, na hakuna anayepiga kelele." Ndiyo siku pekee aliyosema "tunamla."

Alistaafu mwaka 2004. Chumba chake kilikuwa na meza moja na kiti kimoja, na Verna alipokwenda kumtembelea, mmoja wao alikaa kitandani. Jumamosi aliwasha televisheni, akazima sauti, akasoma mbio mwenyewe, peke yake, polepole. Jirani aligonga ukuta mwaka wa kwanza. Baadaye alizoea, au alihama. Kila Septemba, mwezi aliozaliwa Dwight, Lowell aliandika barua kwenda Bakersfield. Hazikurudishwa, naye aliihesabu hiyo kuwa habari njema.

Oktoba 2010 madaktari waligundua saratani ya mapafu. Moshi wa ule ukumbi alikuwa ameuvuta miaka ishirini na minane bila kuwasha sigara hata moja. Februari alilazwa hospitalini Las Vegas, na Verna alikwenda kukaa naye. Hakuomba chakula fulani wala mchungaji. Aliuliza jambo moja tu, kila asubuhi: "Dwight anajua?"

Jumamosi ya tarehe 12 Machi 2011, Verna alipiga simu Bakersfield akiwa kwenye korido.

"Shangazi, nakuheshimu sana," Dwight alisema. "Lakini siji."

"Baba yako hamalizi leo."

"Nimesikia. Siji."

"Basi nimwambie nini?"

"Mwambie hivyo hivyo. Angalau mara moja katika familia hii mtu asomewe matokeo yalivyo."

Verna Haskett alifundisha watoto miaka thelathini na minane na kuwachapa kwa uongo. Aliingia chumbani. Kaka yake alimgeuzia macho tu, hana nguvu ya kugeuza kichwa.

"Amesemaje?"

"Ametoka," Verna alisema. "Tangu asubuhi. Sasa hivi yuko Tehachapi."

Lowell alifumba macho. Baada ya nusu saa aliuliza tena, naye akajibu kwamba amefika Barstow, anajaza mafuta. Hapo mgonjwa alianza kutikisika. Verna alidhani ndiyo mwisho, kumbe anacheka.

"Dada."

"Abee."

"Tehachapi mpaka Barstow nusu saa? Huyo Dwight anaendesha gari au ndege?"

Verna alijifuta uso kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka tu.

"Unasoma karatasi," Lowell alisema. "Nimeisoma miaka ishirini na sita, huwezi kunificha. Hakutoka, eh?"

"Lowell, mimi..."

"Basi, basi, usilie. Unamwahisha mno, hilo ndilo kosa lako. Mkwamishe kwanza. Anayefika kirahisi hana msikilizaji."

Kwa hiyo Verna alimkwamisha. Alimpasulia tairi nje ya Barstow, akamkutanisha na upepo wa mchanga kabla ya Baker, akamnunulia kahawa mbaya. Lowell alisahihisha mawili matatu: gari liwe la bluu, na Dwight asiwashe redio. Kisha akamshika dada yake mkono.

"Tamu kweli," alisema. "Unajua ni uongo na bado unataka kusikia kona inayofuata. Sasa ndiyo najua Orval alikuwa anafuata nini. Maskini mzee wa watu, mimi ndiye niliyemfanyia hivi." Halafu akasema, "Usiache. Soma."

Alikata roho saa tisa na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, bila kelele. Verna alikuwa amemfikisha Dwight kwenye mji wa Primm, maili arobaini tu kutoka pale kitandani.

Ameacha dada mmoja, Verna. Mwana mmoja, Dwight Edwin Haskett wa Bakersfield. Na wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwaona, Paige na Russell. Familia inawashukuru wauguzi, na watu tisa waliosafiri mpaka hapa makaburini Caliente.

Katika programu mliyoshika, mwisho kabisa, mtaona nafasi ya mstari mmoja imeachwa wazi. Si kosa la mpiga chapa. Verna aliiacha kwa sababu alimpigia tena mpwa wake, akamtajia siku na saa, na Dwight hakusema ndiyo wala hapana. Leo Verna amemwomba mchungaji asubiri, na mchungaji amesubiri dakika arobaini, wote tukitazama barabara. Sasa Verna ameujaza mstari huo kwa penseli, na anausoma kama ulivyo, jinsi Dwight alivyotaka: mwana wa marehemu hakuja.

Apumzike kaka yetu pale pale aliposikia mara ya mwisho, Jumamosi alasiri, gari la bluu limeshapita Primm na minara ya mji imeanza kuonekana. Matokeo tutabaki nayo sisi.