Mzee Mguu Sawa na Siku Namba Tisa Alipoanguka

Wasikilizaji wapendwa, mwenye kazi mkononi aendelee nayo. Mimi ninaomba masikio tu. Leo tunamkumbuka mzee aliyetutoka Jumatano iliyopita, akiwa na miaka sabini na sita. Figo ndizo zilizomsumbua, miezi minane, mpaka akachoka. Mtaani walimwita Mguu Sawa. Hata wajukuu zake walimwita Babu Mguu Sawa, naye akiitika bila kinyongo.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimamia walinzi wa kiwanda cha sabuni. Kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, aliwapanga mstari mmoja, akapaza sauti, mguu sawa, nao wakahesabu mmoja mmoja kutoka kulia. Mtu akikosea namba, wanaanza upya. Hakuna kujikuna. Hakuna kufuta jasho. Mkewe anasema hata nyumbani vikombe vya chai vilipangwa vishikio vyote vikitazama upande mmoja, na ole wako ugeuze kimoja.

Mkewe huyo ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, katika chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Ndiye aliyenisimulia haya, mguu wake ukiwa bado juu ya pedeli, kwa sababu alisema akikaa bila kazi atalia tu.

Mzee alipostaafu, daktari alimwambia presha inapanda na tumbo linamtangulia mlangoni. Akaambiwa afanye mazoezi ya kukimbia polepole. Basi yeye hakuwa mtu wa kukimbia peke yake kama anayedaiwa. Akakusanya majirani kumi na wanne, wanaume kwa wanawake, mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Wanakimbia nusu saa. Wakimaliza mzunguko wa mwisho, papo hapo, mguu sawa. Mstari. Hesabu. Watu wanahema, miguu inatetemeka, lakini wamesimama kama nguzo za uzio.

Sikilizeni vizuri hapo, wapendwa. Walikuwa wakitoka mbioni na kusimama ghafla. Hilo ndilo lililokuwa kosa, na hakuna aliyelijua.

Wengine walianza kulalamika. Kinyozi wa mtaani, ambaye hana siri, alisema kila wakihesabu yeye anaona nyota na jua limeshachomoza. Mzee alimjibu kwamba huo ni uvivu unaomtoka mwilini. Watu wakacheka. Wakaamini pia. Kizunguzungu kikawa kama alama ya kwamba mtu amejituma.

Mkewe alijiunga mwaka wa pili. Alikuwa namba tisa kwenye mstari. Siku ninayoisimulia ilikuwa wiki ya kufungua shule, na alikuwa ameamka mapema kukunja pindo za sketi. Akaondoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Si chai, si tonge, si hata funda la maji. Alikimbia vizuri tu. Anasema alijisikia mwepesi, akajiambia, kumbe bado nimo.

Wakasimama. Mguu sawa. Hesabu ikaanza. Namba nane alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na siku hiyo, baada ya saba, mwalimu wa hesabu akasema tisa. Kicheko kikapasuka. Mzee akaamuru waanze upya. Safari ya pili kinyozi alikuwa bado anacheka, namba ikampita. Wakaanza tena.

Mama alisikia masikio yakivuma kama feni mbovu. Jasho likawa la baridi. Uwanja ukaanza kuwa mweusi kutoka pembeni kuja katikati. Alijua kabisa kwamba anatakiwa kukaa chini. Lakini angekaaje? Mke wa kiongozi, wa kwanza kuvunja mstari? Akajikaza amtunzie mumewe heshima yake. Akaanguka. Akaangukia mkono wa kulia.

Na hapo ndipo lilipotoka neno lililomuuma kuliko mkono. Alipokuwa pale chini, kabla watu hawajamfikia, alisikia sauti ya mumewe:

"Namba tisa, simama wima."

Aliambiwa baadaye kwamba mzee naye alishtuka, neno lilimtoka kwa mazoea ya miaka thelathini. Lakini lilishatoka.

Zahanati walipokewa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, mwenye kuuliza maswali huku akifunga bandeji. Akauliza walikuwa wakifanya nini. Wakaeleza. Akauliza walisimama kwa amri ya nani. Kinyozi, aliyekuwa amewasindikiza, akatazama dari.

"Ni mimi," mzee akasema.

"Basi keti, baba, nikueleze," muuguzi akamwambia. "Moyo unasukuma damu iende chini, na misuli ya miguu ndiyo inayoisaidia kupanda. Ukimsimamisha mtu ghafla, miguu inaacha kusaidia, damu inatuama chini, na kichwa kinapungukiwa. Sasa huyu mama wala hakunywa maji. Ulitaka asimame na nini?"

Narudia, wapendwa, kwa sababu hili ndilo lililomwangusha mama yule. Ukimaliza kukimbia, usisimame ghafla. Punguza mwendo. Tembea taratibu dakika tano, hata kumi, mpaka pumzi itulie. Kunywa maji kabla, na baada pia. Usikimbie na tumbo tupu; kipande cha mkate au ndizi moja kinatosha. Jua likiwa kali, punguza. Na ukisikia kichwa kinakuwa chepesi, usione haya, keti au lala chini, inua miguu. Lakini kizunguzungu kikikujia mara kwa mara, au ukizimia, au kifua kikauma, hilo si la kutibu kwa kutembea. Nenda kwa daktari. Mwenye dawa za presha naye aulize kabla hajaanza.

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Wiki sita ndani ya plasta, na sare za watu zimejaa chumbani. Mzee akageuka kuwa mkono wa mkewe. Alitunga uzi kwenye sindano, akakata vitambaa palipochorwa chaki, akashona mistari iliyonyooka mno na kola zilizopinda. Mkewe alimwelekeza kwa kidole cha kushoto, bila maneno mengi. Aliosha vyombo. Alimchana nywele, vibaya, akarudia.

Binti yao aliniambia: "Baba alifanya kila kitu nyumbani isipokuwa kusema samahani. Mama alikuwa anakula chakula alichopika baba, halafu anageukia ukuta."

Wiki ya sita plasta ikatolewa. Mzee akamwambia mkewe kwamba kesho kikundi kinakutana, akamwomba aje. Mama akamjibu kwamba hana miguu ya kusimama mbele yake tena. Mzee hakubishana. Alisema tu kwamba mkewe hatasimama, atapelekewa kiti.

Mama akaenda, kwa sababu ya hicho kiti tu, anasema. Alitaka kuona.

Walikimbia. Wakamaliza. Watu wakaanza kujipanga kwa mazoea, na mzee akawaambia waendelee kutembea, wasisimame. Wakawa wanawazunguka polepole, yeye na mama aliyekaa kwenye kile kiti katikati. Akavua kofia.

"Namba tisa hakukosa," akasema. "Mimi ndiye niliyekosa. Niliwasimamisha vibaya, na alipoanguka mwenzangu, nikamwamuru ainuke. Mama, nisamehe."

Kinyozi aliacha kutembea, mwalimu akamsukuma mgongoni asogee asije akaanguka na yeye.

Mama aliinuka kwenye kiti, akamshika mzee mkono kwa ule mkono uliopona, akamvuta waingie kwenye mzunguko. Wakatembea. Tangu asubuhi ile, kwa miaka kumi na miwili, kikundi hicho kilihesabu huku kikitembea. Mtu akikosea namba, wanacheka na kuendelea. Mzee hakukaa tena mbele. Alitembea nyuma kabisa, akiwatazama nyuso, na aliyeonekana kupauka alimshika kiwiko akamuuliza, "Umekunywa maji wewe?"

Nilipomaliza mazungumzo na mama, nilimuuliza angependa niwaambie nini ninyi. Akasimamisha cherehani.

"Usiwaambie alikuwa hana kosa," akasema. "Waambie alikosea mbele za watu, na akasema mbele za watu. Wangapi unawajua?"

Akakanyaga pedeli, wapendwa, akaendelea kushona.

Kwako mama, kwa binti yako, kwa wajukuu, na kwa wenzake wote wa uwanjani, poleni sana. Mungu ampumzishe mzee wetu, nanyi awape nguvu.

Na wewe unayenisikia, jiulize jambo moja. Huenda hapo nyumbani kwako, au kazini kwako, kuna mtu amejikaza kusimama kwa ajili yako, kichwa kinamzunguka, na anaogopa kukwambia. Mtazame usoni leo. Kama ni wewe uliyemsimamisha, mwambie akae.